Mkono Uliozikwa Migombani

Gibson alikuwa anacheka, na hilo Aida Namwinga hakulipenda hata kidogo. Mtu aliyeshitakiwa kwa kumpotezea mama wa watu mkono hachekicheki mbele ya mpelelezi wa upande wa pili. Akicheka, ujue ana kitu anachokijua na wewe hukijui.

"Karibu madamu! Wakili wako leo kakutuma ununue mashine?"

"Kanituma nitazame puli."

"Tazama. Kutazama ni bure."

Nje, foleni ya malori ya kwenda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imeziba njia kama kawaida ya Tunduma, na madereva walikuwa wanapigiana honi kwa hasira za kukaa sana. Ndani ya duka mashine za kusaga na kukoboa zilipangwa ukutani, zote zimepuliziwa rangi ya buluu inayong'aa. Puli zake, yale magurudumu ya chuma yanayopitisha mkanda, zilitundikwa juu, nazo buluu. Aida akapitisha kidole kwenye moja. Laini. Laini mno kwa kitu cha chuma.

Aida aliwahi kuwa askari wa upelelezi, akaacha kazi, na ukimuuliza sababu atakuuliza wewe umekula nini leo. Siku hizi anamtafutia ushahidi Wakili Kasiani, mtu mpole anayetetea watu walioumizwa na vitu walivyouziwa: majiko yaliyolipuka, mafuta ya kujipaka yaliyobabua nyuso, ngazi zilizokatika mtu akiwa juu. Mteja wa safari hii alikuwa Atuganile, mama wa mtoto mmoja kutoka Ikinga, kule milimani Ileje. Alikuwa anasaga mahindi kwa mashine ya familia iliyonunuliwa kwa Gibson, puli ikapasuka ikiwa inazunguka. Kipande kimoja kilimwingia mkono wa kulia, kikavuruga mfupa. Hospitali wakaukata juu ya kiwiko.

Utetezi wa Gibson ulikuwa mfupi na mbaya. Alisema puli iliyopasuka si ya dukani kwake, iliwekwa na fundi wa mitaani, na mama mwenyewe ndiye aliyepeleka mkono kwenye mkanda kwa uzembe. Maneno hayo yalishafika Ikinga na watu wa huko wameyashika. Atuganile akipita kisimani anayasikia nyuma yake.

"Jumatatu tunasikilizwa," Wakili Kasiani alikuwa amemwambia Aida asubuhi hiyo. "Picha ya eksirei inaonyesha kuna chuma ndani ya mkono. Haionyeshi chuma cha nani. Kama hatuna hata kipande cha hiyo puli, tunakwenda mahakamani na huruma, na huruma haipokelewi kama kielelezo."

Ndiyo maana Aida alikuwa pale anapapasa puli.

"Bosi, baada ya ajali fundi wako alikwenda Ikinga," alisema.

"Sebastian. Nilimtuma mimi. Akawafungia puli mpya bure. Bure, madamu! Na asante yao ndiyo hii samansi."

"Vipande vya ile iliyopasuka?"

"Alivifagia vyote. Ulitaka viwakate watoto?"

"Viko wapi?"

"Vilikwenda na vyuma chakavu. Saa hizi pengine ni sufuria ya mtu."

Akacheka tena. Aida akaangalia pembeni, kwenye kona ambako huyo Sebastian alikuwa amechuchumaa juu ya gazeti, amewapa mgongo. Aida si mtu wa kuamini wema unaokuja na ufagio. Akasogea.

"Habari ya kazi, fundi."

"Nzuri, dada." Sebastian akaingiza mikono mifukoni haraka, lakini vidole vilishaonekana. Vilikuwa vya pinki mpaka kwenye kucha.

"Hiyo nini vidoleni?"

"Puti. Tunanyoosha bodi ya pikapu."

Aida alichungulia uani. Hapakuwa na pikapu. Hapakuwa na gari la aina yoyote. Palikuwa na lundo la puli zilizoota kutu, na kando yake nyingine zimeanikwa juani, buluu bado mbichi.

"Pikapu yenyewe imetoka," Gibson aliharakisha kusema. Alikuwa ameshatoka nyuma ya meza, akamshika Aida bega kwa upole wa kumtoa mtu dukani. "Madamu, nakwambia kama dada yangu. Unahangaika bure. Hata hicho kipande kilichobakia mkononi, kutu itakuwa imeshakimaliza huko chini."

Aida hakugeuka upesi. Aliiacha sentensi ile ipoe kwanza.

Eksirei ilikuwa bado kabatini kwa Kasiani, haijapelekwa mahakamani wala haijaonyeshwa mtu. Hospitali waliukata mkono pamoja na chuma chake, wakaukabidhi kwa ndugu. Waliojua kwamba chuma kilibaki humo ni daktari, wakili, Aida, na watu wa nyumba ile.

"Chini wapi, bosi?"

"Si... si wamezika? Watu wa kule si lazima wanazika?"

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Gibson hakuwa anacheka.

*

Kesho yake Ikinga ilikuwa imefunikwa. Ukungu ulishuka toka mlimani tangu alfajiri ukakaa migombani, na hata saa nne ilipopita ulikuwa haujaamua kuondoka. Aida aliliacha gari la wakili barabarani, akapanda kwa miguu akipita nyumba ya mashine. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Akachungulia dirishani: injini nzima, puli mpya, mkanda mpya, na hakuna mtu. Mwanamke mmoja alimpita na debe la mahindi kichwani, akielekea kijiji cha mbali.

"Mbona husagi hapa, mama?"

"Hapa?" Yule mama aliharakisha mwendo. "Hapa hapana, mwanangu. Ile imeshaonja mtu."

Atuganile alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mkono wa kulia wa sweta umefungwa fundo. Alikuwa anamenya viazi. Kiazi alikibana kwa nyayo zake mbili, kisu kwenye mkono wa kushoto, na kila alipokata, kiazi kilimtoroka kikaviringika vumbini. Binti yake, Marita, alikimbia akakirudisha. Ilionekana huo umekuwa utaratibu wa nyumba. Aida aliona uchungu, akakaa chini na kuchukua kisu bila kuomba ruhusa.

"Ndaga, dada," Atuganile alisema, akimshukuru kwa lugha ya kwao.

"Mkono unaendeleaje?"

"Upi?" Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuchoka. "Huu unaendelea. Ule mwingine ndio unanitesa. Ikinyesha vidole vinalowa, navisikia kabisa. Vimekunjwa ngumi na vinataka kukunjuka. Usiku baba Marita ananiuliza naongea na nani. Namwambia naongea na mkono."

"Umezikwa wapi?"

Atuganile alitazama migomba iliyokuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, nusu yake imemezwa na ukungu.

"Humo. Mahali penyewe sijui."

Aida alifikiri hakusikia vizuri, lakini alisikia vizuri tu. Shemeji mkubwa, Zabron, aliyekuwa anatoka nyuma ya nyumba akifunga vifungo vya koti, alimweleza. Zabron ni kaka wa mume wake Atuganile na ni mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

"Kwa ukoo wetu, kiungo cha mtu aliye hai kinazikwa na wanaume watatu," alisema. "Hakiwekewi tuta, hakiwekewi alama. Nyasi zinarudishwa juu kama zilivyokuwa. Mwenyewe asipajue, asije akapita akasimama hapo. Mtu akisimama juu ya kaburi lake mwenyewe unategemea nini?"

"Kwa hiyo haingii migombani kwake?"

"Siingii," Atuganile alidakia. "Ndizi ananikatia Marita. Naogopa kukanyaga. Kila nikitaka kuweka mguu nawaza, je, kama ni hapa?"

"Na hao wanaume watatu?"

"Mimi," Zabron alisema. "Lusubilo, mume wake. Na mzee Ipyana, Mungu amlaze. Amefariki majuzi kwa presha. Watu wanasema ni mkono umemwita."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema presha. Lakini juma lililopita pale mahali palifukuliwa. Lusubilo akakuta udongo umegeuzwa. Tangu siku hiyo hapa hakulaliki, dada. Mbwa hataki hata kupita. Sasa niseme presha?"

Aida akasimama, akakung'uta maganda ya viazi.

"Nipeleke."

Walikwenda wawili tu. Ndani ya migomba kulikuwa baridi zaidi, majani makavu yanadondosha maji mgongoni. Zabron alisimama mbali, akaonyesha kwa kidevu, hakutaka hata kunyoosha kidole. Aida alichuchumaa. Nyasi zilikuwa zimerudishwa, lakini zimenyauka kwa sababu mizizi ilikatwa. Akazifunua kwa kijiti. Kingo za shimo zilikuwa zimenyooka, za beleshi. Udongo mwekundu wa chini ulikuwa juu, mweusi wa juu ulikuwa chini. Akazunguka migomba yote inayopakana, akiinamia ardhi na kuchokoa hapa na pale. Hakuna shimo lingine.

"Mlisema nani kafanya?"

"Wengine fisi. Wengine wachawi."

"Fisi hana beleshi, na akishashiba harudishi nyasi. Mchawi naye angetoka wapi akajua mahali? Angechimba hapa, angechimba pale, angeharibu shamba zima. Huyu alikuja moja kwa moja." Aida alisimama na kujinyoosha mgongo. "Huyu alikuwepo siku ya kuzika."

Zabron alimkazia macho. "Angalia unachosema."

"Mlikuwa watatu. Mmoja kaburini. Mzee Zabron, nani alimwambia Gibson wa Tunduma kwamba chuma kilibaki mkononi?"

"Gibson nani? Mimi nimjulie wapi?"

"Kesi ikifika mbali, familia nzima inaitwa mahakamani, ukoo unasemwa. Wewe hukutaka kesi hii tangu mwanzo. Wakili aliniambia."

"Sikuitaka, na sasa hivi siitaki!" Sauti ilimtoka Zabron ikatikisa majani. "Sikuitaka kwa sababu najua mtaishia hapa. Mtataka kuuamsha. Mkono ukishazikwa umetangulia. Ukiutoa, unamfuata mwenye nao. Mimi ndiye niliyeubeba toka hospitali, nimeupakata kwenye gari kama mtoto mchanga, halafu wewe uje uniambie nimeufukua? Juma lote lile nilikuwa Isongole kwenye mkutano wa injili! Muulize mchungaji!"

Aida alimuuliza mchungaji. Alipiga simu palepale, amesimama kwenye umande, na mchungaji akathibitisha kwa kirefu, mpaka na nyimbo zilizoimbwa. Zabron hakuwa amelala Ikinga hata usiku mmoja. Aida alikata simu, akamwomba radhi mzee wa watu kwa heshima zote. Zabron aliipokea, ila kwa shingo upande. Kisha wote wawili wakabaki wanatazamana, kwa sababu hesabu iliyobaki ilikuwa rahisi mno na hakuna aliyetaka kuifanya kwa sauti.

*

Lusubilo alikuwa amerudi kutoka kwenye shamba la kahawa. Aliwakuta wametoka migombani, akasimama na jembe begani, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alimwamkia Aida, akamwamkia kaka yake. Kaka yake hakuitikia.

Aida alizoea kuwazungusha watu, kuwauliza hili na lile mpaka wajikanyage. Safari hii hakupata nafasi. Atuganile alikuwa amesikia kelele za shemeji yake kutoka migombani, kila neno, na sasa alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Marita."

"Naam."

"Siku ile ulipokuta pamefukuliwa. Wewe ndiye uliyekuja kuniambia."

"Ndiyo, mama Marita."

"Ulikuwa umeshaoga."

Lusubilo aliteremsha jembe taratibu.

"Nilidhani naota," Atuganile aliendelea. "Nilisikia maji uani bado giza. Nikajiuliza, baba Marita na baridi hii ya Ikinga anaoga alfajiri? Wewe, ambaye hata Krismasi unaoga mchana jua likitoka? Nikanyamaza. Nikasema labda anakwenda safari. Hukwenda safari yoyote."

"Mama Marita..."

"Ulikuwa unaosha nini?"

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda polepole, na toka nyumba ya mashine upepo ulikuwa unauchezesha ule mkanda, ukilia kama kitanda kibovu. Lusubilo alikaa chini palepale alipokuwa, juu ya udongo mbichi, akajishika kichwa.

"Alinifuata mwenyewe," alisema. "Yule Gibson. Alikuja Itumba siku ya soko, akaninunulia soda, akaniuliza maendeleo yako. Nikamweleza kila kitu, nilijua ni binadamu. Nikamwambia kwamba mkono ulizikwa na chuma chake. Ndipo akasema kesi itachukua miaka, mawakili wataila fidia yote, na wewe utabaki hivyohivyo. Akasema nikimletea kile chuma, yeye atakupeleka kwa wataalamu ukafungiwe mkono wa bandia. Mwezi huuhuu. Mkono unaokunja vidole. Akanionyesha kwenye simu mtu anashika kikombe."

"Ukakubali."

"Kila siku nakuona unamenya viazi kwa miguu! Ningefanya nini?"

"Ungeniuliza," Atuganile alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakujishughulisha kuyafuta. "Huo mkono ni wangu, Lusubilo! Ukiwa mwilini ni wangu, ukiwa ardhini ni wangu. Watu wananisema nilijikata kwa uzembe, wewe unasikia, unarudi nyumbani unakula. Kilichokuwa kimebaki cha kunitetea ni hicho chuma tu. Ukaenda kukiuza gizani."

"Sikukitoa."

Aida aliinua kichwa. "Rudia."

"Sikukitoa, dada. Nilichimba mpaka nikafika kwenye kitenge. Kile cha njano alichoviringishia kaka. Nilipomulika nikaona umbo la ngumi ndani ya kitenge." Lusubilo alikunja ngumi yake mwenyewe akaitazama. "Vilevile anavyosema kila siku, kwamba vimekunjwa. Nikashindwa. Nikafukia. Gibson nimekuwa nikimwambia bado, bado."

Zabron alitoa kofia, akaufuta uso wote kwa kiganja. Aida alimgeukia Atuganile.

"Basi kiko palepale," alisema. "Mama Marita, sikufichi. Bila hicho hatuna kesi. Lakini mimi siwezi kukiamuru, wakili hawezi, na hawa wanaume nao hawawezi. Mwenye mkono ni wewe."

Zabron alianza, "Shemeji, ukiuamsha..."

"Shemeji, haujalala," Atuganile alimkatisha. "Mimi ndiye ninayekesha nao. Fukueni. Na mimi nitakuwepo."

*

Aida hakutaka mtu aje kusema Jumatatu kwamba chuma kiliokotwa jalalani. Alimpigia wakili kwanza. Wakili akazungumza na mtendaji wa kijiji kwa kirefu, na mtendaji hakuruhusu beleshi liguse ardhi mpaka aliporidhika kwamba mwenye mkono mwenyewe ndiye anayetaka. Alikuja na mhuri wake mfukoni. Aliitwa pia Daktari Mercy wa zahanati, na glavu na kibanio chake. Aida alipiga picha kila hatua: nyasi kabla hazijaguswa, kingo za beleshi, udongo wa kila tabaka.

Lusubilo ndiye aliyechimba. Hakuna aliyemwagiza. Zabron alisimama upande wa juu anasali kwa sauti ya chini, na Atuganile alisimama ukingoni kabisa, ndani ya migomba ambayo hakuwa ameikanyaga tangu atoke hospitali. Mara moja alitazama chini ya miguu yake, kisha hakutazama tena.

Njano ikatokea. Lusubilo aliacha beleshi, akamalizia kwa mikono.

Sitaeleza yote yaliyokuwa ndani ya kitenge, maana Atuganile mwenyewe hakupenda yaelezwe. Daktari Mercy alifanya kazi yake amewapa mgongo, kwa utaratibu, anazungumza peke yake kama wanavyofanya watu wa kazi ile. Halafu kikasikika kitu kikigonga beseni.

Aida alikimwagia maji mbele ya wote. Kilikuwa kipande kama cha upana wa kiganja, kimepinda, ukingo wa puli. Kutu ilikuwa imekila pembeni, lakini upande mmoja rangi ya buluu ilikuwa bado ipo, ileile ya dukani Tunduma. Akakigeuza mahali kilipovunjikia. Kutoka nje kwenda ndani, katikati ya chuma, ulipita mstari mnene wa pinki.

"Hiyo nini?" mtendaji aliuliza.

"Puti. Ya kunyooshea mabodi ya magari. Hii puli ilikuwa na ufa kabla haijanunuliwa. Waliuziba, wakapulizia rangi, wakamuuzia mtu kama mpya." Aida alikiinua kipande wote wakione. "Halafu wakasema mama kajikata."

Kwa upande wa ndani, ambako hakuna mteja angeangalia, hawakujisumbua kusugua na msasa. Palibaki alama pale mtu alipokandamiza puti ingali laini. Mistari ya dole gumba, safi kabisa. Daktari Mercy aliiona, akarudi nyuma akajifunika mdomo. Kwenye kaburi la mkono wa mtu mwingine, kidole cha Sebastian kilikuwa kinawatazama.

Mtendaji alipiga mhuri kwenye bahasha. Aida alivuta pumzi, kisha akasema lililobaki, kwa sababu lilibaki.

"Hiki kinatosha kumshika fundi. Bosi atasema hakujua, fundi alimzunguka. Atamfukuza Sebastian, atafuta jasho, na yale mapuli ya uani atayauza kama kawaida. Wa kusema kwamba Gibson alijua ni mmoja tu."

Wote walimtazama Lusubilo. Alikuwa bado ndani ya shimo, udongo mpaka magotini.

"Itabidi niseme na kwamba nilifukua," alisema.

"Yote," Atuganile alijibu. "Na kuoga useme. Watakucheka sokoni, watakucheka kanisani. Mimi wamenicheka kwa kitu ambacho sikukifanya, na nimewavumilia. Wewe umekifanya. Utavumilia."

Lusubilo alitikisa kichwa kukubali. Akapangusa mkono kwenye shati, akatoa simu. Hakuna aliyemwambia.

"Mtendaji, sogea usikie," alisema, akaweka spika.

Simu iliita kidogo tu.

"Sema, kijana wangu!" Sauti ya Gibson ilijaa migombani, na honi za malori nyuma yake. "Umekitoa?"

"Nimekitoa, bosi. Kiko hapa."

"Safi sana! Sasa sikiliza. Usije nacho Tunduma. Kuna mwanamke wa wakili anazungukazunguka huku, asikione kabisa. Hapo kwenu si kuna mto? Kitupe leoleo, kwenye maji mengi."

"Sawa, bosi." Lusubilo alimtazama mke wake. "Na mkono ulioniahidi?"

"Mkono gani?"

Atuganile akainama ukingoni mwa shimo, akaisogelea simu.

"Wa kwangu, Gibson," alisema. "Uko hapa, tunautazama."